Mifupa na Magunzi

Mwezi huu twataka kunena habari za mbwa. Yeye huwafukuza nyani na nguruwe mwitu shambani, na usiku hutulindia nyumba. Lakini mara nyingi hudhurika kwa vitu tuvitupavyo sisi wenyewe nyuma ya jiko.

Watu husema mbwa ameumbwa kula mifupa. Neno hilo ni nusu ya kweli. Mfupa uliopikwa, hasa wa kuku, huvunjika vipande vikali, navyo huweza kukwama kooni au kutoboa utumbo.

Gunzi nalo ni adui asiyedhaniwa. Iringa na Mbeya ni nchi za mahindi mengi, na magunzi hutapakaa uani. Likiwa na chumvi au mafuta, mbwa hulimeza, wala tumbo lake haliwezi kuliyeyusha. Laweza kukaa humo siku nyingi, naye aonekana mzima; kisha hushuka likaziba utumbo.

Dalili ni hizi: hutapika mara kwa mara, hukataa chakula, hujikakamua bila kupata choo. Hapo msimtapishe kwa nguvu, wala msivute uzi utokao kinywani au nyuma, maana huweza kukata utumbo. Mpelekeni upesi kwa mganga wa mifugo. Huenda akampasua, naye akapona.

Basi, wazazi na waalimu, wafundisheni watoto: magunzi yawe kuni, mifupa ifukiwe katika shimo refu, sindano na nyuzi zisiachwe chini. Mbwa hajui kujikataza. Ni juu yetu kumkinga.