Tambi za Asia: Tazama Mchuzi Kabla ya Tambi



Sisi watu wa pwani si wageni wa tambi. Twazikaanga, twazitia tui, sukari, iliki na zabibu, na kuziandaa wakati wa futari. Lakini siku hizi maduka yetu yameingiwa na tambi za namna nyingine, kutoka China, Japani, Thailand, Vietnam na Indonesia, na akina mama huuliza mambo mawili: Hupikwaje? Na je, ni halali? Tumeona bora kuyajibu yote mawili pamoja, kwani ajuaye tambi imetengenezwa kwa nini na huliwa na nini, huyo amekwisha kuipata njia.

Kanuni ya wanazuoni wetu ni kwamba asili ya chakula ni uhalali, mpaka ipatikane dalili ya kukiharamisha. Tambi hizi, kwa aina zake kuu tatu, asili yake ni ngano, mchele, au wanga wa choroko na viazi. Hapana hata kimoja humo kilichoharamishwa.

Aina ya kwanza ni tambi za ngano. Humo mna udon za Japani, nene na nyeupe, na mna mi za manjano za Malaysia na Indonesia. Hizi zichemshwe katika maji mengi yanayotokota, zionjwe kabla hazijalainika mno, kisha zichujwe. Zikiwa ni za kukaangwa, zisuuzwe kwa maji baridi na kupakwa mafuta kidogo zisigandane.

Ya pili ni tambi za mchele, nyembamba kama uzi au pana kama utepe. Wengi huziharibu kwa kuzichemsha kama za ngano, zikavurugika. Zile pana zirowekwe katika maji ya vuguvugu kadiri ya nusu saa, mpaka zikunjike bila kukatika, kisha zimalizikie karaini kwa moto mkali. Watu wa Thailand huzikaanga kwa ukwaju, yai na karanga. Watu wa Vietnam huzitia katika supu ya mifupa ya ng'ombe yenye mdalasini na tangawizi. Wamalay nao wana laksa ya tui la nazi na kamba, na hapo mpishi wa Lamu au Mombasa hana la kufundishwa ila jina.

Ya tatu ni tambi za wanga. China hutengenezwa kwa choroko, na Korea kwa viazi vitamu. Zikiiva hung'aa kama kioo. Zile za choroko zirowekwe katika maji ya moto kwa dakika kumi hivi, na zitiwe chunguni mwishoni, kwani hunywa mchuzi upesi sana.

Basi shaka iko wapi? Iko katika mchuzi. Baadhi ya supu za rameni za Japani hutokana na mifupa ya nguruwe. Mirin, itiwayo katika michuzi mingi ya huko, asili yake ni kileo cha mchele. Na ile pakiti ndogo iliyoandikwa ladha ya kuku au ya ng'ombe yahitaji kuulizwa: mnyama huyo alichinjwa vipi? Kwa hiyo msomaji asome orodha ya viungo na atafute alama ya halali ya taasisi inayojulikana. Akiona shaka, aitupe pakiti na atie viungo vya jikoni mwake: thomu, tangawizi, pilipili manga, ndimu na kotmiri. Pahala pa mirin, sukari kidogo na siki zatosha.

Wala tusidhani kwamba tambi ni chakula cha wasiokuwa Waislamu. Katika mji wa Lanzhou, jimbo la Gansu, China, Waislamu wa kabila la Hui ndio wenye sifa ya tambi za kuvutwa kwa mkono, katika supu safi ya ng'ombe yenye figili nyeupe, kotmiri na mafuta ya pilipili. Migahawa yao huandikwa neno qingzhen, maana yake safi na kweli, na ndilo neno la Kichina la halali. Waislamu wa Uighur nao wana laghman, tambi za kuvutwa kwa nyama ya kondoo na mboga.

Limebaki jambo la tambi za dakika mbili, zilizobuniwa Japani na Momofuku Ando mwaka wa 1958. Nyingi hukaangwa kiwandani, ndiyo maana huiva upesi, na chumvi yake nyingi imo katika pakiti ya viungo. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima asizidishe kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa siku, na mtoto apate chini ya hapo. Sharti la chakula chetu ni mawili: kiwe halali na kiwe kizuri. Mzazi anayemlisha mwanawe tambi hizo kila jioni, hata zikiwa na alama ya halali, ametimiza sharti moja na la pili bado. Azitie yai, karoti na mchicha, na apunguze ile pakiti.

Mwenyezi Mungu atubarikie katika riziki zetu. Wabillahi tawfiq.