Kinywe, Silikoni na Sarufi: Hoja kuhusu Kiswahili katika Uchunguzi wa Hataza

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu uwezo wa Kiswahili kubeba taaluma za sayansi na tekinolojia umeendeshwa kwa miaka mingi, na karibu wakati wote umekuwa mjadala wa msamiati. Wanaoitetea lugha hii huonyesha orodha za istilahi, kama zile zilizomo katika Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990. Wanaoitilia shaka huonyesha istilahi ambazo hazijaingia katika orodha hizo. Pande zote mbili hukubaliana kimyakimya kwamba lugha ikishapata maneno ya sayansi imekwisha kuipata sayansi yenyewe.

Makala haya yanaipinga dhana hiyo. Yanashikilia kwamba lugha ya sayansi hujaribiwa kwa ukali zaidi katika sentensi kuliko katika neno, na kwamba sarufi ya Kiswahili ina nyenzo ambayo wanaistilahi hawajaitumia ipasavyo. Uwanja wa kuijaribia hoja hii ni uchunguzi wa hataza, na mfano wenyewe ni silikoni inayotengenezewa elektrodi za betri za kuchajiwa.

Mfano huu unaihusu Dodoma moja kwa moja. Hapo ndipo Bunge linapotunga sheria, ndipo Wizara ya Madini ilipo, na ndipo Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania ilipo na makao yake makuu. Miamba ya Hombolo, kaskazini-mashariki mwa jiji hilo, inajulikana kwa wanajiolojia kuwa na madini yenye lithiamu. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kinafundisha kemia na Kiswahili pia. Ikiwa kuna mahali ambapo mwanakemia, mwanasheria na mwanaisimu wanaweza kukaa meza moja bila kusafiri, basi ni hapo.

2.0 Kinywe na silikoni

Betri za ayoni za lithiamu ziliingia sokoni mwaka 1991, na kwa miaka mingi elektrodi hasi ya betri hizo imetengenezwa hasa kwa kinywe, madini meusi laini ambayo Tanzania inayo kwa wingi huko Mahenge na katika mkoa wa Lindi. Kazi iliyoonyesha kwamba kinywe kinaweza kupokea ayoni za lithiamu na kuzirudisha inahusishwa na mwanasayansi wa Kiafrika, Rachid Yazami wa Moroko, aliyepewa Tuzo ya Draper pamoja na wenzake mwaka 2014.

Kinywe kina kikomo chake. Gramu moja huweza kuhifadhi, kwa hesabu ya kinadharia, miliampea-saa 372. Silikoni huweza kuhifadhi takriban miliampea-saa 3,600 kwa gramu, yaani karibu mara 10. Hata hivyo, silikoni ina kasoro kubwa. Inapopokea lithiamu huvimba hadi kukaribia mara 4 ya ujazo wake wa awali, na inapoitoa hunywea. Baada ya kuchajiwa mara nyingi chembe hupasuka, utando hubanduka, na betri hufa. Takriban uvumbuzi wote unaoombewa hataza katika eneo hili ni jibu la swali moja: silikoni izuiweje isijivunje yenyewe? Wengine huisaga iwe chembe ndogo mno; wengine huizungushia kaboni; wengine huacha nafasi tupu ndani ya ganda ili chembe ipate mahali pa kuvimbia; na wengi huichanganya na kinywe kwa kiasi kidogo.

Nchi inayochimba kinywe ina sababu ya kuyasoma majibu hayo. Hataza inayodai asilimia 5 ya silikoni ndani ya kinywe inamhakikishia mchimbaji wa Mahenge soko. Hataza inayodai elektrodi ya silikoni tupu inamtangazia mshindani.

3.0 Uchunguzi wa hataza ni usomaji

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Hataza ya mwaka 1987, Sura ya 217, inataka uvumbuzi uwe mpya, uwe na hatua ya kiuvumbuzi, na uweze kutumika viwandani. Kazi ya mchunguzi wa hataza ni kuyapima madai ya mwombaji kwa vigezo hivyo. Mchunguzi haendi maabara. Anachopima ni maandishi dhidi ya maandishi mengine, na kwa maana hiyo uchunguzi wa hataza ni kazi ya usomaji kabla haijawa kazi ya kemia.

Na ichukuliwe kwamba mtafiti kijana wa Dodoma amekusanya kumvi, yaani maganda ya mpunga, kutoka Bahi, amezichoma, na kutoka katika majivu yake yenye silika nyingi amepata silikoni ya kutengenezea elektrodi. Akiandika dai lisemalo tu "elektrodi yenye silikoni itokanayo na kumvi za mpunga", ombi lake litakataliwa, kwa kuwa matokeo ya namna hiyo yalikwisha chapishwa katika majarida ya kimataifa mwaka 2013. Dai hilo halina upya. Lakini kama ana namna yake mwenyewe ya kuzifunika chembe hizo, au kiasi fulani cha mchanganyiko ambacho hakuna aliyekitaja na ambacho kinaleta matokeo yasiyotarajiwa, hapo pana jambo la kudai. Kila kitu sasa kinategemea namna sentensi yake ilivyojengwa. Sentensi pana mno hugonga maarifa yaliyotangulia. Sentensi finyu mno humwachia mshindani mlango wazi.

4.0 Upatanisho wa kisarufi kama chombo cha sheria

Kwa desturi, dai la hataza huandikwa katika sentensi moja, hata iwe ndefu kiasi gani. Hatari kubwa ya sentensi za namna hiyo ni kirai kinachoning'inia pasipo kujulikana kinaeleza nomino ipi. Katika Kiingereza, kitenzi chenye maana ya "kufunikwa" hubaki na umbo lile lile, kiwe kinaieleza elektrodi, utando au chembe. Msomaji huachiwa mpangilio wa maneno na alama za uandishi. Sentensi tatu zifuatazo za Kiswahili zinaonyesha hali tofauti:

(a) Elektrodi yenye utando wa chembe za silikoni uliofunikwa kwa kaboni.
(b) Elektrodi yenye utando wa chembe za silikoni zilizofunikwa kwa kaboni.
(c) Elektrodi yenye utando wa chembe za silikoni iliyofunikwa kwa kaboni.

Katika (a) kilichofunikwa ni utando mzima. Katika (b) kila chembe ina ganda lake. Tofauti hii ndiyo kiini cha uvumbuzi, kwa kuwa ganda la chembe moja hukabiliana na uvimbe kwa namna isiyofanana na ganda la utando mzima. Waraka wa awali unaofichua (b) peke yake hauondoi upya wa (a), ingawa mchunguzi bado atauliza kama kuna hatua ya kiuvumbuzi kutoka moja hadi nyingine. Jambo ambalo katika lugha nyingine lingehitaji aya nzima ya maelezo, Kiswahili kinalimaliza kwa kiambishi kimoja cha upatanisho.

Sentensi (c), hata hivyo, inaonyesha mpaka wa nyenzo hiyo. Kiambishi i- chaweza kuirejelea elektrodi au silikoni, kwa kuwa nomino zote mbili zimo katika ngeli moja. Hapa ndipo siasa ya istilahi inapoingia. Maneno ya mkopo huelekea kurundikana katika ngeli hiyo: elektrodi, anodi, silikoni, kaboni, betri, nikeli. Kadiri mikopo inavyoongezeka ndivyo upatanisho unavyopoteza nguvu ya kupambanua. Linganisha:

(d) Elektrodi yenye silikoni na grafaiti iliyofunikwa kwa kaboni.
(e) Elektrodi yenye silikoni na kinywe kilichofunikwa kwa kaboni.

Katika (d) wasomaji watatu wanaweza kutoa tafsiri tatu. Katika (e) tafsiri ni moja. Neno "kinywe" halijashinda kwa sababu ya uzalendo; limeshinda kwa sababu limo katika ngeli nyingine. Vivyo hivyo "utando", "unga" na "ganda" hufanya kazi ambayo maneno ya mkopo yenye maana hizo hizo yasingeweza kuifanya ndani ya sentensi moja.

Kutokana na hayo, makala haya yanapendekeza kigezo kipya katika uundaji wa istilahi. Vigezo vilivyozoeleka, kama vile kuanza na hazina ya Kiswahili chenyewe na lugha za Kibantu kabla ya kukopa ng'ambo, hulitazama neno likiwa peke yake. Istilahi za uwanja mmoja yafaa zitazamwe kama kundi, na zisambazwe katika ngeli mbalimbali ili sehemu za kifaa kimoja zisigongane katika upatanisho. Hapa lugha za uwanda wa kati, kama Kigogo, Kirangi na Kinyaturu, zina nafasi yake: kila neno la Kibantu linalopokewa huja na ngeli yake.

5.0 Pale ambapo sarufi haitoshi

Ingekuwa upotoshaji kudai kwamba sarufi inamaliza kila utata. Yako maneno madogo ambayo maana yake katika hataza sharti iwekwe kwa makubaliano.

Neno la kwanza ni "yenye". Mchanganyiko "wenye silikoni na kinywe" unaruhusu kitu cha tatu au haukiruhusu? Desturi ya hataza duniani hutenganisha dai lililo wazi, linaloruhusu nyongeza, na dai lililofungwa, lisiloruhusu. Kiswahili kina uwezo wa kutenganisha, kwa kutumia "yenye" kwa dai wazi na "iliyoundwa kwa ... pekee" kwa dai lililofungwa. Bila mwongozo unaokubalika, kila mwandishi atafuata hisia zake, na kila hakimu atafuata zake.

Neno la pili ni "kati ya". Msemo "kati ya asilimia 5 na 10" unazihesabu asilimia 5 na 10 zenyewe, au unazitenga? Ikiwa waraka wa zamani umetaja asilimia 10 kamili, jibu la swali hilo ndilo litakaloamua kama dai ni jipya. "Kuanzia asilimia 5 hadi asilimia 10" hupunguza shaka hiyo. Maneno "takriban" na "karibu" nayo yanahitaji kuwekewa kiwango au kuepukwa kabisa.

6.0 Pingamizi

Pingamizi la kwanza ni kwamba kazi hii haina soko. Shirika la Kanda ya Afrika la Miliki Ubunifu, ARIPO, lenye makao yake Harare, hufanya kazi kwa Kiingereza, na lugha 10 za uchapishaji za Mkataba wa Ushirikiano wa Hataza hazina Kiswahili ndani yake. Hilo ni kweli, na hakuna anayependekeza kwamba mwombaji wa Dodoma aache Kiingereza anapoomba Harare. Lakini ARIPO ikikusudia kutoa hataza, nchi iliyotajwa katika ombi hupewa miezi 6 ya kueleza kama hataza hiyo haitakuwa na nguvu katika eneo lake. Uamuzi huo hufanywa nyumbani, na unawagusa watu wa nyumbani. Aidha, kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania Bara, ingawa Kiingereza kinaweza kutumika pale haki inapohitaji hivyo. Mgogoro wa hataza ukifika mahakamani, maneno kama "yenye" na "kati ya" yatatafsiriwa na mtu fulani. Ni afadhali yatafsiriwe mapema na kwa utulivu.

Pingamizi la pili ni kwamba maombi ya wazawa ni machache, hivyo juhudi yote hii ni kwa faida ya wachache. Hoja hii inasahau kwamba hataza ni mapatano. Mvumbuzi hupewa haki ya pekee kwa muda maalumu. Kwa malipo yake, jamii hupewa maelezo kamili ya uvumbuzi. Isitoshe, hataza haivuki mipaka ya nchi iliyoitoa. Hataza ya silikoni iliyosajiliwa Japani, Korea au Marekani bila kusajiliwa Tanzania haimzuii mtu kuyatumia mafunzo yake ndani ya Tanzania, ingawa itamzuia kuuza bidhaa hiyo katika nchi ilikosajiliwa. Maana yake ni kwamba kuna maktaba kubwa ya tekinolojia iliyo halali kwa fundi na mtafiti wa Tanzania, na kinachomzuia wengi kuingia ni lugha. Jamii inayotoa haki bila kuweza kusoma maelezo imelipia kitu ambacho haikupewa.

7.0 Hitimisho

Linalohitajika halihitaji kusubiri bajeti kubwa. Katika uainishaji wa kimataifa wa hataza, fungu H01M 4/38 ndilo linalokusanya elementi na aloi zinazotumika kama kiini tendaji cha elektrodi, na uainishaji wa pamoja wa Marekani na Ulaya huitengea silikoni kifungu H01M 4/386. Wanafunzi wa uzamili wa Kiswahili na wa kemia, wakishirikiana, wanaweza kuandika ikisiri na madai makuu ya hataza za kifungu hicho kwa Kiswahili, na tasnifu zao zikawa msingi wa mwongozo wa uandishi wa madai. Baraza la Kiswahili la Taifa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, ambao ndio wasajili wa hataza, wangekuwa na kitu cha kujadili na kuidhinisha badala ya kuanza na karatasi tupu.

Swali lililoulizwa kwa miaka mingi ni kama Kiswahili kina neno la kila kitu cha sayansi. Swali hilo litaendelea kupata jibu nusunusu, kwa kuwa sayansi haiachi kuzaa vitu vipya. Swali linaloweza kujibiwa ni kama mtafiti wa Dodoma anaweza kuandika kwa Kiswahili sentensi moja kuhusu chembe, utando na kinywe ambayo mshindani hawezi kuipindua. Viambishi vya kuiandika sentensi hiyo vimo katika lugha tangu zamani; kazi iliyobaki ni kuchagua nomino zitakazoviacha vifanye kazi.