Afya ya Mama: Damu Baada ya Hedhi Kukoma

Mama mmoja wa miaka 58 ametuletea swali ambalo tunaamini linawahusu wengi. Hedhi yake ilikoma miaka mitano iliyopita. Zamani aliambiwa ana uvimbe katika kizazi, yaani fibroidi. Sasa ameona damu tena, na jirani amemwambia, "Ni uvimbe wako ule ule, usihangaike." Je, ni kweli?

Fibroidi huota katika misuli ya kizazi. Si kansa, na ni nadra sana kukuta kansa ndani yake. Uvimbe waweza kuwa mmoja au kadhaa, mdogo kama harage au mkubwa kuliko chungwa. Wengi hawasikii lolote. Wengine hupata hedhi nzito inayowapunguzia damu mwilini, kukojoa mara kwa mara, kufunga choo, au maumivu ya kiuno.

Uvimbe huu hulishwa na homoni za kike. Hedhi inapokoma homoni hizo hupungua, na kwa kawaida uvimbe hunywea. Ndiyo maana mama wa makamo ambaye hasumbuliwi huenda asihitaji upasuaji wowote. Lakini anayetumia dawa za homoni amweleze daktari, kwani zaweza kuuzuia uvimbe usinywee.

Basi, damu inayotoka baada ya hedhi kukoma mwaka mzima isisingiziwe uvimbe wa zamani, hata ikiwa ni matone tu. Mara nyingi chanzo ni jambo dogo, kama ukavu wa ukeni. Lakini yaweza kuwa dalili ya kansa ya kizazi au ya mlango wa kizazi, ambayo ikigunduliwa mapema hutibika vizuri. Uvimbe unaokua baada ya hedhi kukoma nao uchunguzwe. Daktari atampima mama, ataagiza picha ya ultrasaundi, na ikibidi atachukua kipande kidogo cha utando wa kizazi kipelekwe maabara.

Tunajua akina mama wengi huona haya kuyasema haya, hasa mbele ya daktari mwenye umri wa mtoto wao. Mama, mwombe binti yako au mkazamwana wako akusindikize. Nanyi mabinti, waulizeni mama zenu kwa upole.

Kwa mama aliyetuuliza, jibu letu ni hili: usingoje damu ikome yenyewe. Nenda hospitali wiki hii.