Aliyehama Keko Naye Ahesabiwe

Tasnifu nyingi ninazozisoma hudai kupima umaskini, ustawi au imani ya wananchi kwa serikali yao. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoonekana kwa macho, ndiyo maana wanatakwimu huviita vigeu fiche. Tunauliza juu ya paa, sakafu, choo na idadi ya milo, kisha kutokana na majibu tunaikadiria hali iliyojificha nyuma yake. Kazi huwa ngumu zaidi tunaporudi kwa watu walewale baada ya miaka kadhaa. Nikimwuliza mwanafunzi kwa nini amechagua njia fulani ya ukadiriaji, mara nyingi hunijibu kwamba programu ya kompyuta ndiyo iliyochagua.

Jibu hilo silikubali, na sababu yangu si ya darasani tu. Tuchukue mfano wa mpangaji wa Keko Machungwa. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, naye hana. Anahamia Mbagala au Chamazi. Mdadisi akirudi, anafunguliwa mlango na mtu mwingine, na katika jedwali la data mpangaji wetu anageuka nafasi tupu. Njia nyepesi ni kumfuta kila mwenye nafasi tupu. Watakaobaki ni wenye nyumba na mafundi samani wenye karakana zao, halafu ripoti itatangaza kwamba Keko imeendelea.

Njia ya uwezekano wa juu kabisa, inayotumia taarifa zote zilizopo, humbakiza mpangaji huyo, kwa kuwa majibu yake ya awamu ya kwanza huendelea kuchangia. Lakini ina sharti: kutoweka kwake kuweze kuelezwa na yale tuliyokwisha kuyapima. Ikiwa aliondolewa na msiba uliomfika baadaye, hesabu pekee haitamrudisha. Itabidi atafutwe.

Kagera walitafutwa. Kaya zaidi ya 900 zilihojiwa kati ya 1991 na 1994. Mwaka 2004 watafiti waliwafuata watu wake hadi mikoa mingine na Uganda, wakampata angalau mtu mmoja katika asilimia 93 ya kaya zile. Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na Stefan Dercon walilinganisha watu waliotoka kaya moja, wakaona ukuaji wa matumizi ya waliohama ukiwazidi waliobaki kwa pointi 36 za asilimia. Hawakuhitaji vigeu fiche. Ila tazama: kule, kuwafuta waliohama kungeficha neema, katika mfano wangu wa Keko kungeficha dhiki. Upande wa kosa haujulikani kabla.

Uchaguzi huuma zaidi pale majibu yanapokuwa ya ngazi: sikubali, nakubali, nakubali kabisa. Ngazi hizi si kilo za sukari. Zikiwa mbili au tatu, njia ya miraba midogo yenye uzito, iliyotengenezwa kwa majibu ya ngazi, huziheshimu zaidi. Lakini njia hiyohiyo huwa dhaifu mbele ya nafasi tupu. Kwa mitaa ya wapangaji, penye ngazi tano au zaidi, mimi huchagua uwezekano wa juu kabisa wenye marekebisho ya makosa sanifu. Mwenye muda na kompyuta nzuri ajaribu njia ya Bayes, inayoweza kubeba mizigo yote miwili.

Tena kuna swali linalotangulia yote haya. Ofisi ya Taifa ya Takwimu ilianza kuzifuatilia kaya 3,265 mwaka 2008/09. Wakati huo simu ya mkononi ilisema jambo kuhusu kipato cha mwenye nayo. Kufikia awamu ya 2020/21, mama lishe na dereva wa bodaboda wanayo. Anayedhani kipimo kimebaki kilekile ataona ustawi umepanda, kumbe ni bei ya simu iliyoshuka.

Kwa hiyo, kabla ya kusoma matokeo ya tasnifu, siku hizi nadai jedwali moja katika sura ya tatu: wangapi wametoweka, walikuwa wapangaji au wenye nyumba, na nani aliyekwenda kuwatafuta.