Asilimia 99 Si Alama ya Kufaulu

Nina dukuduku ambalo limenikaa rohoni tangu mwanzo wa mwaka na naomba nilitoe hapa, walimu wetu wanisikilize bila kunikunjia uso. Dukuduku lenyewe linahusu tovuti za shule, na hasa mahali zinapowekwa.

Najua wapo watakaocheka. Watasema ati tovuti ni mapambo tu, ni picha za siku ya michezo na za mgeni wa heshima akipanda mti. Hebu waulizeni wazazi. Shule ikishaweka barua ya kujiunga, orodha ya mahitaji na viwango vya karo kwenye tovuti, hayo si mapambo tena. Hiyo ni ofisi, na ofisi ikifungwa siku inapohitajika kuna mtu anayeumia.

Mwezi wa Januari nilikuwa katika saiba moja hapo sokoni. Akaingia mama mmoja muuza mboga, anataka achapishiwe barua ya mwanawe ya kujiunga na shule ambayo sitaitaja. Kijana wa saiba akabofya. Ukurasa ukazunguka, ukazunguka, mwisho ukaandika kwamba seva haipatikani. Wakajaribu mara nne. Mama akalipia muda wa kompyuta, akafunga kibanda chake, akapanda matatu mpaka shuleni kuzichukua karatasi kwa mkono. Nauli ya kwenda na kurudi, na mauzo ya asubuhi nzima, vyote vimepotea kwa ajili ya karatasi tatu! Wahenga walisema kizuri chajiuza, lakini hata kizuri hakijiuzi duka likiwa limefungwa.

Sasa kwa nini tovuti hulala? Tovuti haikai hewani kama wengi wanavyodhani. Inakaa ndani ya kompyuta iitwayo seva, ambayo haizimwi usiku wala mchana, na shule hulipa kampuni yenye seva hizo kila mwaka, kama vile mtu anavyolipa kodi ya chumba. Na vyumba, jamani, havilingani.

Kampuni nyingi hujigamba kwamba seva zao hufanya kazi asilimia 99 ya wakati. Sisi wanafunzi tukisikia 99 tunapiga makofi, kwa maana hiyo kwetu ni A safi. Hebu tupige hesabu. Mwaka una siku 365. Asilimia moja ya siku hizo ni siku 3 na zaidi ya saa 15. Kumbe aliyeahidi 99 amejipa ruhusa ya kufunga duka zaidi ya siku tatu kila mwaka! Aliyeahidi 99.9 amejipa saa 8 na dakika 45 hivi, na wa 99.99 dakika 53 tu. Tena siku hizo tatu hazichagui likizo ya Agosti. Mara nyingi seva huanguka siku watu wengi wanapoiendea kwa pamoja, yaani siku ile ile ya barua za kujiunga.

Anayeishi kwenye ploti ataelewa haraka. Vyumba kumi na viwili, mfereji mmoja. Jirani akiamua kufua mablanketi Jumamosi asubuhi, wewe unasubiri na ndoo yako. Chumba cha bei ya chini kabisa kwenye seva ni hivyo hivyo: tovuti nyingi zimebanwa kwenye mashine moja, na mmoja akipata wageni wengi, wengine wote hukauka. Simlaumu mwenye ploti, kwani hiyo ndiyo bei tuliyoichagua. Lakini kuna vyumba vyenye mfereji wake, na kabla ya kulipa yafaa kuuliza: je, tovuti ngapi ziko kwenye mashine hii? Umeme ukipotea kuna jenereta? Nikipiga simu Jumapili usiku nani atapokea? Ahadi ya 99.9 imeandikwa kwenye mkataba au ni maneno ya mdomo?

Jambo la umbali nalo huwashangaza wengi. Mwanga ndani ya nyaya za kioo husafiri kilomita 200,000 hivi kwa sekunde. Kutoka Nairobi hadi mashariki ya Marekani ni kama kilomita 12,000, kwa hiyo kwenda na kurudi huchukua angalau sekunde 0.12. Ni kidogo, ndiyo, ila simu na seva hujibizana mara kadhaa kabla neno la kwanza halijaonekana. Zamani hata ujumbe kati ya majirani wawili wa Nairobi, wenye kampuni tofauti za intaneti, ulipitia ng'ambo kwanza. Ndiyo sababu kituo cha KIXP kilianzishwa Nairobi mwaka wa 2000, kikafungwa kwa mzozo wa leseni, kikafunguliwa tena 2002, ili kampuni hizo zikutane hapa hapa nchini. Na mnamo Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini, Afrika Mashariki nzima ililalamika. Tovuti ya shule iliyo kwenye seva ya Nairobi haina haja ya kuvuka bahari ili imfikie mzazi wa hapa. Hata hivyo sisemi tuchague cha nyumbani kwa uzalendo mtupu. Seva mbovu ya karibu ni mbovu tu.

Pia seva nzuri haiwezi kumwokoa mvivu. Picha iliyotoka kwenye simu moja kwa moja inaweza kuwa na megabaiti 4. Weka kumi kwenye ukurasa mmoja, ni 40. Kwa mtandao wa megabiti 2 kwa sekunde, mzazi atasubiri sekunde 160, karibu dakika tatu, na bando lake linaliwa. Picha hizo zikipunguzwa hadi kilobaiti 200 kila moja, ukurasa utafunguka kwa sekunde 8. Kazi hiyo haihitaji pesa, inahitaji mtu wa kukaa na kuifanya.

Fauka ya hayo, kuna nakala. Usiku wa Machi 10, 2021, jengo la seva la kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, liliteketea. Ni kampuni kubwa, si ya uchochoroni, lakini baadhi ya wateja walipoteza kila kitu kwa kuwa hawakuwa na nakala mahali pengine. Sisi nakala yetu iko wapi? Nimeuliza watu watatu na kila mmoja amenielekeza kwa mwenzake. Hata tarehe ya kulipia jina la tovuti, lile linaloishia na .sc.ke, haijabandikwa popote. Jina lisipolipiwa kwa wakati, seva iwe nzuri namna gani, tovuti haitafunguka.

Kuhusu gharama, tusitishane. Bei za mwaka nilizoulizia hazifiki za kukodi basi moja la kutupeleka kwenye mashindano ya drama. Ninachoomba ni mwalimu mmoja na wanafunzi wawili wenye majina yanayojulikana, watakaoshika mkataba, tarehe za malipo na nakala ya kila mwezi. Wakati huo huo, picha 64 za siku ya michezo zinangoja kupunguzwa. Wenzangu wa chama cha kompyuta wamekubali kuanza Ijumaa saa kumi jioni, mradi tu tufunguliwe maabara.