Mulongwe: ramani ya hatari itoke mbele ya mvua

Wanainchi wa Uvira, vijana wenzetu,

Kila mara mto unapoua watu, tunaambiwa ni mapenzi ya Mungu. Tunakataa. Tarehe 16 na 17 Aprili 2020 Mulongwe ulishuka toka milima ya Mitumba, ukabeba manyumba, ukaua makumi ya watu. Mpaka leo tunaambiwa tu: mukae macho.

Mto unaweza kupimwa. Enjinia anachukua sura ya mlima kwenye picha za setelaiti, mvua iliyonyesha huko juu, upana na kina cha mto. Modeli ya kompyuta inahesabu maji yataingia avenyu gani, kwa kimo gani, kisha masaa mangapi. Si uchawi. Lakini kompyuta bila vipimo inadanganya vizuri sana. Huko mlimani kuko vyombo vingapi vya kupimia mvua? Tunataka jibu la maandishi. Mvua ya huku chini kwenye ziwa haituambii ile ya juu.

Tena Mulongwe haubebi maji tu, unabeba mawe na udongo. Mawe yakijaa chini, mto wote unapanda, na hata mvua ndogo kuliko ile ya 2020 inaweza kuvuka ukingo. Njo maana ramani iliyohesabiwa na maji safi, juu ya kina cha zamani, ni ya kupamba ukuta wa ofisi. Na Tanganyika likipanda, mto unakosa njia mdomoni, maji yanarudi ndani ya kartye.

Mteremko ni mkali: toka mvua ya juu mpaka mlangoni kwako ni masaa, si masiku. Tarehe 4 Mei 2023 kule Kalehe, Nyamukubi ilikuwa siku ya soko. Zaidi ya watu 400 walikufa Kalehe. Nani alikuwa mlimani akiangalia maji, apige simu soko lifungwe?

Na nani anatia muhuri kwenye hati za parsele za kandokando ya mto? Anayejenga pale hana pengine, hatumlaumu. Anayetia muhuri hakai pale.

Tunadai vipimo vya mvua mlimani, mto upimwe upya kila kisha mafuriko, na ramani itundikwe kila ofisi ya kartye, kwa Kiswahili, avenyu kwa avenyu. Mpaka hapo, hati mpya za kandokando ya mto zisimame. Barua tunaipeleka meri Jumatatu. Wasipojibu, tutarudi kila Jumatatu.