Usinunue Laptopu Mpya Kabla Hujafungua BIOS

Wasee wa Kitale na Bungoma, hii stori ya "mashine imezeeka, nunua ingine" kila VirtualBox ikigoma, tuikatae.

Mara nyingi laptopu za mitumba hutufikia VT-x ya Intel ama SVM ya AMD ikiwa imezimwa kwa BIOS. Hiyo ni swichi tu. Zima laptopu, iwashe ukigongagonga F2, F10 ama Delete, washa hiyo swichi, sevu. Hulipi hata bob.

Mashine pepe nayo ina famweya yake. Ukiweka Linux na EFI halafu utoe ile tiki ya EFI, mara nyingi haitawaka, na diski iko sawa kabisa. Windows 11 inadai UEFI na TPM 2.0; VirtualBox inakupa TPM ya kuigiza tangu toleo la 7.0, mwaka wa 2022.

Ndiyo, RAM ya GB 4 itakusumbua. Lakini utajifunza seva polepole, na pesa ya laptopu mpya huku kwetu ni karo ya mtu. Fundi akikwambia ununue ingine kabla hajafungua BIOS, beba laptopu yako uende. Usimlipe.